Bomba la hewa la faiba kwa gari lako: anzia ndani

Bomba la plastiki linalopeleka hewa kwenye boksi la filta ya gari yangu lilipasuka mwezi wa pili, wakati Dar inachemka na foleni ya Ubungo haisogei. Nilipofungua boneti nililikuta limekauka kama ganda la yai, ukilibana kwa kidole linamenyeka. Nilizunguka Ilala na Kariakoo siku mbili nikitafuta la mtumba. Yote niliyoonyeshwa yalikuwa na ufa mahali palepale, kwa sababu yalitoka kwenye magari ya umri uleule na yaliokwa na joto lilelile. Ndipo nikaamua kutengeneza la faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini, gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu.

Tangu hapo nimetengeneza sita, langu na ya majirani zangu wa Tabata. Mawili ya kwanza hayakufaa. Kwa nje yalikuwa yanang'aa, nimeyapiga msasa na rangi nyeusi, na kila aliyeyaona aliyasifia. Kwa ndani yalikuwa na mikunjo, mapovu, na nyuzi zilizochomoza kama ndevu za mbuzi. Sasa injini inahusika na ndani tu. Kwa hiyo kazi hii nitaieleza kuanzia ndani kwenda nje, na rangi nitaigusa kwa sentensi moja.

Utengeneze kipi, uache kipi

Kabla hujanunua chochote, fungua boneti ufuate njia ya hewa kwa kidole. Hewa inaingia kwenye mdomo ulio nyuma ya grili au juu ya rejeta, inapita bomba la kwanza hadi kwenye boksi la filta, inachujwa, inapita kwenye sensa ya kupima hewa, kisha mpira wenye mikunjo, halafu trotobodi (mlango wa hewa wa injini) na manifoldi inayoigawa hewa kwenye silinda.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kushika faiba, tengeneza bomba la kabla ya filta, uishie hapo. Ukikosea, uzi ukikatika au kipande kikamomonyoka, filta itakidaka. Baada ya filta hakuna wa kudaka: vumbi la kioo likipenya linasaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Sehemu yenye sensa ndiyo kabisa usiiguse. Sensa ile imepangwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Ukilipanua au kulibana, kompyuta inapewa hesabu ya uongo, mafuta yanazidi au yanapungua, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Kama gari ina turbo, mabomba yanayotoka kwenye turbo kwenda intakula (kipoza hewa) yaache kama yalivyo. Hewa ya pale inasukumwa kwa presha na joto lake huweza kupita nyuzijoto 100, ilhali resini ya kawaida ya poliesta huanza kulegea kati ya nyuzijoto 60 na 80. Kwa sababu hiyohiyo, bomba lako lisipite karibu na eksozi. Kama hakuna njia nyingine ya kulipitisha, faiba si suluhisho la gari hilo.

Vijana huniuliza kama bomba jipya litaongeza nguvu. Linarudisha nguvu iliyopotea. Bomba lililopasuka linavuta hewa iliyokwishapashwa na rejeta, na hewa ya nyuzijoto 65 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzijoto 35 iliyo nje ya grili. Ukiirudishia injini hewa ya nje utaliona gari likivuta vizuri kwenye mlima na kwenye foleni. Zaidi ya hapo usijiahidi kitu.

Upana nao una hesabu yake. Injini ya cc 1,500 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta hewa kama lita 3,800 kwa dakika. Kwenye bomba lenye upana wa ndani wa milimita 60, hewa hiyo inakimbia kama mita 22 kwa sekunde. Ukilibana hadi milimita 50, inabidi ikimbie zaidi ya mita 32, na injini inalazimika kuivuta kwa nguvu. Kwa hiyo lisipungue upana wa lile la zamani mahali popote, hasa kwenye kona, na kona ziwe za mviringo.

Ushauri wa fundi boti

Dar hii wanaoijua faiba ni mafundi boti. Baada ya lile bomba la pili kuharibika nililichukua hadi ufukweni Kunduchi, nikamkuta mzee mmoja anaziba boti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Boti yako iko wapi?"

"Sina boti, mzee. Nina hili bomba la gari."

Akaingiza vidole viwili ndani, akapapasa, akayagusa yale manyoya. "Boti inaguswa na maji kwa nje," akasema, "ndiyo maana sisi faiba tunailaza ndani ya kalibu, nje itoke laini. Hili lako hewa inapita ndani. Geuza kalibu."

Sikuhitaji somo jingine. Upande unaogusa kalibu ndio unaotoka laini. Mimi nilikuwa nalaza faiba ndani ya nusu mbili za jipsamu, halafu naziunganisha, na upande mbaya wote ulikuwa unabaki pale hewa inapopita. Tangu siku hiyo natengeneza kiini chenye umbo la nafasi ya hewa yenyewe, naviringisha faiba juu yake, kisha kiini nakiharibu na kukitoa.

Vitu vya kununua

Kwa bomba la nusu mita, kilo moja ya resini ya poliesta inatosha na itabaki. Nunua na hadina yake ya MEKP (kemikali ya kuigandisha resini), mkeka wa faiba wa gramu 300 kwa mita ya mraba (mzito zaidi haukunji kona vizuri), asetoni, brashi tatu za inchi moja za bei nafuu, msasa wa maji, na tepu ya kahawia ya kufungia maboksi. Duka la dawa kanunue sirinji ya mililita 2 au 5. Mizani ya jikoni ya kidijitali azima au nunua, kukadiria kwa jicho hakufai. Vyombo vya kuchanganyia viwe makopo ya siagi yaliyooshwa na kukaushwa. Vile vikombe vyeupe vya povu resini inavitoboa chini ukiwa umevishika.

Muulize muuzaji swali moja: resini hii imeshatiwa kobalti, yaani dawa ya kuharakisha ukaukaji? Nyingi zimeshatiwa, na huwa na rangi ya waridi au zambarau iliyopauka. Kama haijatiwa, atakupa kichupa cha kobalti pembeni. Hapo sikiliza vizuri: kobalti inakorogwa kwanza ndani ya resini mpaka ipotee, ndipo hadina inafuata. Kobalti na hadina zenyewe kwa zenyewe zisikutane hata tone, kwa sababu zinaweza kulipuka. Usitumie sirinji moja kwa zote mbili, wala usiziweke kwenye rafu moja.

Na miwani ya kufunika macho vaa tangu unapofungua kichupa cha hadina. Tone moja likiingia jichoni linaweza kuondoa uwezo wa kuona. Likitokea, suuza kwa maji safi yanayotiririka papo hapo kwa dakika 15 au zaidi, halafu hospitali bila kusubiri. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa resini. Tafuta ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na fanyia kazi uani, si chumbani. Jiko la mkaa, sigara na watoto viwe mbali, maana resini na asetoni vyote vinashika moto haraka.

Kiini

Povu jeupe linalokuja na televisheni au friji linafaa sana. Lina kasoro moja: resini ya poliesta inaliyeyusha. Nitaeleza dawa yake.

Gundisha vipande vya povu kwa gundi nyeupe ya mbao ya maji, kwa sababu gundi za kunuka zinalila. Acha usiku kucha. Chonga kwa bleti la msumeno wa chuma, malizia kwa msasa. Unachonga umbo la hewa, kwa hiyo unene wa kiini ndio upana wa ndani wa bomba lako. Kila ncha izidishe sentimita 3 za kukata baadaye. Ncha ya upande wa boksi la filta iwe ya mviringo ulionyooka kwa sentimita 4 hivi, ili mpira na klempu vipate pa kushika.

Kipime kwenye gari mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika. Mimi natumia unga wa ngano uliokandwa: nabandika madonge juu ya kiini sehemu tatu au nne, nafunga boneti taratibu, nafungua. Unene wa donge lililobonyea ndio nafasi iliyobaki. Ukitoa milimita 2 za faiba, bado zibaki milimita 10, maana injini inayumba kwenye maunti (vishikio) zake kila unapokanyaga mafuta.

Sasa tepu. Viringisha tepu ya kahawia kiini chote, kila mzunguko upande juu ya mwenzake kwa nusu, kisha rudia tabaka la pili kwa kuelekea upande mwingine. Tepu hii ina kazi mbili: inazuia resini isifike kwenye povu, na resini haiishiki, kwa hiyo itabanduka. Chukua muda wako hapa. Kila mkunjo wa tepu utatokea kama mfereji ndani ya bomba. Kwenye kona tumia vipande vifupi vyembamba, uvilaze kwa ukucha. Mimi saa nzima naimaliza kwenye tepu peke yake, na ndiyo saa inayoamua kazi nzima.

Resini, joto na unyevu wa pwani

Maelekezo ya kwenye makopo mengi yameandikwa kwa nchi zenye baridi kuliko kwetu. Kwa Dar, gramu 100 za resini nazitilia mililita 1 ya hadina. Usishuke chini ya asilimia 1, haitakauka sawasawa, wala usipite 2. Kwenye nyuzijoto 30 na kitu unapata kama dakika 10 hadi 15 kabla haijaanza kuwa kama uji mzito. Jaribu kidogo kwanza uone ya kwako inachukua muda gani.

Kamwe usichanganye yote kwa pamoja. Jioni moja nilikuwa na haraka, nikakoroga karibu nusu kilo kwenye kopo moja na kuongeza hadina kidogo. Kopo lilianza kutoa moshi, likapinda, likawa halishikiki. Resini inapokauka inazalisha joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto halina pa kwenda. Ikikutokea, peleka kopo nje juu ya mchanga, kaa mbali.

Muda mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi, umande ukishakauka, chini ya kivuli. Alfajiri hewa yetu imejaa maji na unyevu unaharibu ukaukaji. Juani nako resini inakuganda kwenye brashi. Siku ya mvua ahirisha.

Kulaza faiba

Paka kiini chote resini tupu, nyembamba, bila mkeka. Iache mpaka ukiigusa inanata lakini haitoki na kidole. Hii ndiyo ngozi ya ndani ya bomba, ndiyo inayozifungia nyuzi zisifike kwenye hewa. Kwenye yale mabomba yangu mawili niliiruka.

Wakati inashika, andaa mkeka. Uchane kwa mikono, usiukate kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa unalala na kupotea kwenye mwenzake, ila uliokatwa unaacha kidaraja. Vipande vya ukubwa wa kiganja vinatosha, na vya kwenye kona viwe vidogo zaidi.

Paka resini kidogo, laza kipande, kisha kigonge kwa ncha ya brashi, tak tak tak, bila kuiburuta. Ukiburuta unahamisha nyuzi. Mkeka unaanza ukiwa mweupe, resini ikiingia vizuri unakuwa kama haupo, unaona tepu chini yake. Penye weupe pana hewa, gonga tena. Vipande vipishane sentimita 2. Matabaka 3 yanakupa kama milimita 2, na hizo zinatosha. Kwa bomba la upana wa milimita 60 na urefu wa nusu mita, mkeka wote ni kama gramu 110, na resini ya kuunywesha ni mara 2 hadi 2.5 ya uzito huo. Pamoja na ngozi ya kwanza, hesabu gramu 350 kwa jumla. Ukiona umemaliza kilo, umetengeneza kitu kizito kitakachopasuka kwa mtikisiko, kwa sababu nguvu inatoka kwenye nyuzi na kazi ya resini ni kuzishika tu.

Mguu wa kufungia boliti uweke kati ya tabaka la pili na la tatu: kipande cha bati chenye matundu, ili resini ipite na kukishika.

Kwa juu bomba litabaki linanata hata kesho yake. Hewa ndiyo inayozuia poliesta isikauke usoni, usidhani umekosea hadina. Futa kwa asetoni, piga msasa wa maji. Usipige msasa mkavu, vumbi lake ni kioo. Ukimaliza, oga kwa maji ya baridi na nguo za kazi zifue peke yake.

Kutoa kiini na kukagua

Subiri saa 24. Kata ncha zote mbili kwa msumeno wa chuma. Povu lichimbe kwa kisu na waya mnene, toa vipande vingi uwezavyo, kisha mimina asetoni kidogo kwenye yaliyobaki, uwe nje na mbali na moto. Povu litanywea kama sukari kwenye chai. Usinyweshe bomba zima asetoni, na uji unaobaki usiumwage mtaroni. Uache ukauke kwenye kopo ndipo uutupe. Tepu ishike kwa koleo uivute kwa kuizungusha, inatoka kama ganda la nyoka.

Sasa weka taa ya simu upande mmoja, chungulia wa pili. Ndani panapaswa kung'aa. Alama ndogo za tepu hazina neno. Unachotafuta ni vitundu, weupe, na uzi wowote uliosimama. Pitisha kidole ukiwa na glavu nyembamba. Ikikwaruzwa, pana kitu. Piga msasa wa maji hapo, suuza, kausha kabisa, paka resini nyembamba. Kabla ya kufunga, osha bomba zima kwa maji na sabuni kwa brashi ya chupa, mara tatu, mpaka kitambaa cheusi ukikipitisha ndani kitoke bila kumeta.

Halafu lioke. Liweke ndani ya gari lililofungwa vioo, juani, siku mbili. Joto la mle ndani linamalizia ukaukaji, na faiba iliyookwa hivyo inavumilia joto la injini kuliko iliyokaushwa kivulini. Rangi ya kopo nyeusi kwa nje inalikinga na jua na inapendeza, ila ndani usipake, itakuja kubanduka.

Kufunga, na suala la mvua

Kwenye magari mengine boksi la filta limekaa juu ya injini yenyewe, na mdomo wa bomba umeshikwa na bodi ya gari. Injini inatikisika, bodi imetulia. Faiba ngumu ikiunganisha hivyo viwili moja kwa moja itapasuka ndani ya wiki chache. Acha pengo la sentimita 1 kwenye boksi, ulizibe kwa mpira na klempu mbili, na mguu wa boliti uukalishe juu ya washa ya mpira.

Mdomo usiwe chini ya pale ulipokuwa wa kiwandani. Nimeona watu wanaushusha nyuma ya bampa kufuata hewa ya baridi. Huku kwetu kuna masika ya mwezi wa tatu hadi wa tano, kuna vuli, na kuna Jangwani inapojaa. Maji hayabanwi kama hewa. Injini ikiyavuta kwa wingi, pistoni inapanda na kukutana na kitu kisichobonyea, na konrodi (mkono unaoishika pistoni) inapinda. Hapo ndipo injini inashushwa. Mdomo uelekee mbele na chini kidogo ili mvua isiingie moja kwa moja, na sehemu ya chini kabisa ya bomba toboa tundu la milimita 4, maji yatakayopenya yadondoke kabla ya kufika kwenye boksi.

Wakati wa kufunga bomba weka filta mpya. Endesha kama kawaida wiki moja, kisha ifungue, uishike juani, uigeuzegeuze taratibu. Vumbi la kijivu ni la barabara, hilo zoea. Ukiona hata uzi mmoja unameta kati ya mikunjo ya karatasi, toa bomba, lirudishe kwenye msasa wa maji, lipake tena ndani, lioshe tena mara tatu. Fanya hivyo kila wiki mpaka filta itoke bila uzi wiki mbili mfululizo.